Sindano Isiyo na Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Kila kitu kimelowa, kuanzia kizingiti hadi soksi za wifi, isipokuwa mdomo wangu.

Naandika kwa sababu siwezi kusonya. Sikujua kwamba kusonya kunataka mate. Mimi niliyesonya miaka arobaini, nikawasonya wateja, mafundi wenzangu, watangazaji wa redio na marehemu mume wangu, sasa nikijaribu inatoka sauti ya mlango wa kabati. Dharau yote imebaki kifuani, haina pa kutokea. Basi itatokea hapa, kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma.

Kwa kumbukumbu: mwaka jana uvimbe uliniota shingoni, wakanichoma mionzi mara thelathini na tatu. Uvimbe ulikufa, na tezi za mate zikafa nao. Daktari wa mionzi anasema nishukuru. Nimeshukuru. Mkate bado unanikwama kooni, na siwezi kusema sentensi tatu bila kunywa maji.

La kuudhi zaidi ni uzi. Fundi huchukua ncha ya uzi, akailowesha mdomoni, akaitunga sindanoni. Mimi siwezi tena. Nimejaribu maji ya kikombe, uzi ukavimba na kuchanua. Nimejaribu ile waya ya kuvutia uzi, nikaitupa, maana ni ya watu wanaoshona kifungo kimoja kwa mwaka. Kwa hiyo wifi ndiye anayelowesha. Wifi ni dada wa marehemu. Ameishi nami miaka kumi na tisa, na kazi yake hapa chumba cha mbele ni vifungo na pindo. Yeye mate anayo, macho hana. Mimi macho ninayo. Basi analamba ncha, ananikabidhi, natunga, namrudishia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, amepaka rangi nyekundu ya mdomo tangu asubuhi kana kwamba vifungo vitamposa! Kila uzi mweupe unanifikia na ncha ya waridi, nami naikata.

Tuna makoti meupe thelathini ya chuo cha wauguzi. Yanatakiwa mvua zikiisha, muhula wao ukianza. Leo nimemwambia wifi, "Makoti haya yakiisha na mimi bado nalambiwa uzi, nafunga chumba. Cherehani nazifunika shuka, basi."

Akaweka kifungo chini. Kisha akasema amesikia kuna mtu anachoma watu sindano na mate yanarudi.

"Sindano?" nikasema. "Hapa ninazo mia mbili. Nikaazime za mtu?"

Jumanne, 5 Machi

Amenipeleka. Niseme kweli, nimekwenda ili nipate cha kudharau, na nimepata.

Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, na ngazi zote zinanuka tapentaini. Kitanda kimetandikwa karatasi inayopiga kelele ukijigeuza. Ukutani kuna mchoro wa mtu uchi aliyejaa nukta mwili mzima, kama patani ya kukatia nguo iliyochorwa na mlevi. Mtaalamu mwenyewe ni mwanamume mfupi wa miaka arobaini hivi, na pindo la suruali yake limebandikwa kwa gundi. Kwa gundi! Pindo nililiona kabla sijamwona uso. Nimempa jina la Bwana Sindano.

"Tatizo ni nini, mama?"

"Suruali yako," nikasema.

Wifi akanikanyaga mguu, akaeleza mwenyewe habari za mionzi na mate, na akatia chumvi ya kutosha. Bwana Sindano akanionyesha kifaa chake. Chembamba kuliko unywele, na hakina tundu.

"Uzi unapita wapi?"

"Hazina uzi, mama."

"Basi hiyo si sindano. Huo ni mwiba uliokwenda shule."

Akanichoma mitatu kila sikio na mmoja mmoja ubavuni mwa kidole cha shahada. Nikamwambia kidole hicho nimekichoma tangu nikiwa msichana, na kama kukichoma kunaleta mate, basi mdomoni mwangu pangepita mto. Akasema, bila hata kuinua macho, "Labda hukupatia penyewe." Kijana ana mdomo huyu.

Akanipa pipi ya ndimu nimung'unye. Nikalala dakika ishirini nasikiliza mvua juu ya bati, masikio yamejaa vyuma, wifi ananishikia chupa ya maji yenye mrija. Kila nikinywa, Bwana Sindano anachora kijistari kwenye karatasi. Nadhani anajifunza kuandika.

"Mate yatarudi?" wifi akamuuliza.

"Sijui," akasema. "Wengine yanarudi kidogo, wengine hayarudi kabisa. Tujaribu wiki nane au tisa."

Mganga anayesema sijui! Hata kudanganya hajui.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Kola sita. Mdomo ni ule ule.

Jumanne, 12 Machi

Miiba tena. Safari hii amenipa na kazi ya nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kula niinamishe kichwa dakika tano, niache mate yadondoke kwenye kikombe kidogo chenye mistari, kile cha kupimia dawa ya kikohozi, kisha niandike yamefika mstari upi. Nimemwuliza kama nikikosa mate nidondoshe machozi. Amesema mate tu.

Jumatano, 13 Machi

Sifuri.

Alhamisi, 14 Machi

Sifuri.

Ijumaa, 15 Machi

Sifuri, na kiuno kinauma kwa kuinama. Ng'ombe akinywa mtoni huinama hivi, lakini yeye anapata kitu.

Jumapili, 17 Machi

Nilikuwa napiga pasi mgongo wa koti la tano, nikasema tu, "Siku nikifa mnizike na chupa ya maji."

Wifi akaruka. "Tema mate chini!"

"Niteme nini?"

Tukatazamana. Akaanza kucheka, akajizuia, akatoka mbio kwenye mvua kuanua nguo ambazo hatukuwa tumeanika.

Jumanne, 26 Machi

Miiba. Bwana Sindano anavaa suruali ile ile. Sifuri, sifuri, sifuri. Nimemwambia wifi sirudi tena. Alishika koti akalipapasa vifungo kimoja kimoja, kama anayevihesabu kwa mara ya mwisho.

Ijumaa, 29 Machi

Kikombeni mna kitu.

Niandike kwa utaratibu. Nimeinama dakika tano kama kawaida. Sikuhisi chochote, lakini siku hizi ulimi umekufa ganzi, sihisi hata pilipili. Nimekiweka kikombe dirishani, nikaenda jikoni kunywa maji na kutafuta miwani. Niliporudi nikakuta chini kabisa pana unyevu, karibu nusu ya mstari. Mate! Yana povu na kila kitu. Nimemwita wifi aone. Akasema yeye haoni vizuri, lakini kama nimesema yapo, yapo.

Nimeketi kitini nikalia kidogo. Kumbe machozi nayo yalikuwapo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa, ngazi za duka la rangi zinateleza. Nusu mstari, siku tano mfululizo.

Jumanne, 9 Aprili

Leo mstari mzima. Nimemwonyesha Bwana Sindano daftari. Akasema "Vizuri, mama," kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli nyumbani, kisha akaitazama ile karatasi yake ya vijistari. Mtu anatenda jambo kubwa hivi halafu hafurahi! Hata hivyo nimemwambia alete suruali zake zote, nitampigia pindo za kweli. Mkono wake si mbaya. Anachoma bila kusita, na hilo ni nusu ya ufundi.

Uzi nimejaribu. Bado mdomo hauuloweshi. Labda mate yanakuja asubuhi tu, kama maji ya bomba mtaani kwetu.

Jumapili, 14 Aprili

Mstari na nusu. Wifi ana furaha kuliko mimi. Anaimba akishona, na kuimba hajui, lakini nimemwacha. Amesema, "Basi chumba hakifungwi, wifi?" Nimesema tutaona. Nimekula nusu kipande cha mkate kwa chai nyingi. Makoti kumi na saba.

Jumatatu, 22 Aprili

Damu.

Nimerudi na miwani, nimekiinua kikombe kwenye mwanga. Mistari miwili, na ndani yake mshipa mwembamba mwekundu, na ukingoni pia alama.

Nimekifunika na kukificha nyuma ya kasha la vifungo. Wifi ameuliza, "Leo mingapi?" Nimesema miwili. Amepiga kofi moja la furaha. Nimeshona mifuko minne na yote imekwenda upande.

Naogopa. Tangu waliponiambia mwaka jana kwamba uvimbe umekwisha, sijawahi kuandika neno hili wala kulisema. Naogopa. Kama umerudi, sitaki mionzi mingine. Sitaki kumwambia wifi. Nani atamtungia sindano?

Jumanne, 23 Aprili

Sikwenda kwa Bwana Sindano. Nimemdanganya wifi kwamba nakwenda kununua zipu, nikaenda hospitali na kikombe mkobani, kimefungwa kwa kitambaa cha koti.

Benchi lile lile, ukuta ule ule wa kijani, na mwanamke mmoja pembeni anaeleza ugonjwa wake kwa sauti kana kwamba anaunadi. Nimekaa saa tatu. Nimejiambia yote niliyopaswa kujiambia. Kwamba cherehani kubwa apewe wifi, na kwamba yule Bwana Sindano amenichokonoa pabaya na mwiba wake.

Daktari wa mionzi ni mama mnene anayependa kuongea na faili badala ya mgonjwa. Lakini leo alinitazama. Alinifungua mdomo, akamulika kila kona, akaminya shingo pande zote mbili. Kisha akakitazama kikombe kwa muda.

"Mate haya umetema wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mama, mdomo wako ni msafi. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Na bado ni mkavu. Mdomo huu hauwezi kutoa mate mengi hivi."

Akachukua pamba nyeupe, akafuta ukingo wa kikombe, akasugua kidoleni. Akainusa.

"Mama," akasema polepole, "hii ni rangi ya mdomo."

Muuguzi mlangoni akashikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje kukikohoa. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, muda wa kushuka ngazi. Nilipofika getini nilikuwa nimeshajumlisha nusu mstari, mstari, mstari na nusu, dirisha, jikoni, miwani. Wiki tatu na nusu. Nimeingia nyumbani nimelowa chapachapa.

"Zipu umepata?" wifi akauliza.

"Sikwenda kununua zipu. Nilikwenda kupimisha mate yako. Wamesema yana afya njema."

Akaliweka koti chini. Hakujitia hamnazo, hilo nampa.

"Nilitema kidogo tu," akasema. "Siku ya kwanza. Ulikuwa umesema hurudi tena kule, na ulisema utafunga chumba. Mimi mchana nitakaa wapi, wifi? Mikono hii nitaifanya nini? Halafu ukafurahi. Ukalia. Nikashindwa kuacha."

"Umenivika kilemba cha ukoka kila asubuhi! Nimeona rangi yako kikombeni nikadhani damu, leo nimekaa benchi saa tatu najizika!"

"Sikujua. Mungu wangu, wifi, sikujua kama umeona vile."

Nilitaka kumsonya msonyo wa kuhama naye mtaa, ikatoka ile sauti ya kabati. Ndipo nikasema, "Ungekuwa na macho, ungeona aibu."

Ameingia chumbani kwake. Nimeliandika neno hilo ili nilione lilivyo. Ni baya.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Hatusemezani. Wifi analamba uzi wake na kuutunga mwenyewe kwa kupapasa. Dakika sita kwa sindano moja, nimehesabu kwa saa ya ukutani. Sikumwomba wa kwangu wala hakuniletea. Nimeshona kwa cherehani tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Koti la ishirini na moja lina tone la damu mfukoni, kutoka kidole cha wifi. Damu ya kweli safari hii. Nimelitoa kwa maji baridi.

Hapaki rangi tena. Uso wake umekuwa kama koti lisilo na vifungo.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Bwana Sindano peke yangu, kwa nia moja, kumtukana. Nimemkuta anakunywa chai, ana suruali nyingine na gundi nyingine. Sikukaa. Nimemwambia kikombe kilikuwa cha uongo, mate yalikuwa ya wifi, na yeye alinipokea daftari wiki baada ya wiki akisema vizuri, mama, vizuri, mama. Nimemwambia ni kanjanja, kwamba miiba yake nisingechokolea hata meno, kwamba yule mtu wa ukutani anastahili nguo na yeye anastahili kufungiwa ndani na ndoo za rangi. Nilikuwa na mengi. Yalikuwa yamekaa tangu Machi.

Alisikiliza yote. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa ile karatasi ya vijistari.

"Kikombe kilikuwa cha kukupa shughuli asubuhi," akasema. "Na kweli nilikishangaa, maana hakikulingana na hiki. Mimi nilikuwa nahesabu maji. Tazama. Siku ya kwanza, dakika ishirini, ulikunywa mara tisa. Ya pili, tisa. Mwisho wa Machi, saba. Tarehe tisa, tano. Wiki mbili zilizopita, nne."

"Nilikuwa sina kiu."

"Leo umenitukana dakika kumi na mbili, mama. Bila kupumzika. Umekunywa mara moja."

Nikaitazama chupa mkononi. Ilikuwa imejaa hadi shingoni.

"Ni hii miiba?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Pengine ni sindano. Pengine tezi zinaamka zenyewe. Hazitaamka zote, nisikudanganye."

Nimelala kitandani, nimemwachia masikio. Sijui lenye kuudhi zaidi ni lipi, kwamba huenda yuko sahihi au kwamba hajigambi.

Ijumaa, 3 Mei

Manyunyu tu. Makoti ishirini na sita. Nilitaka kumwambia wifi habari ya vijistari, nikakuta nimesema, "Umeona chaki?" Akanipa chaki.

Jumanne, 7 Mei

Miiba. Maji mara tatu. Uzi bado. Nimerudi na suruali za Bwana Sindano, nizipige pindo.

Ijumaa, 10 Mei

Leo asubuhi hakuna mvua, mara ya kwanza tangu Machi. Makoti ishirini na tisa yametundikwa, la thelathini liko mezani linangoja vifungo sita. Nilikuta wifi ameweka begi karibu na mlango. Begi lile lile alilokuja nalo miaka kumi na tisa iliyopita, zipu yake nilishona mimi.

"Hilo la nini?"

"Koti likiisha naondoka. Ulisema chumba kinafungwa. Binamu yetu ana chumba cha nyuma."

"Binamu yenu ana kuku kwenye chumba hicho."

"Nitakaa nao. Nao hawaoni vizuri jioni." Alikuwa anahangaika na uzi, ncha inapita kulia kwa sindano, kushoto kwa sindano. Macho yalikuwa mekundu, alikuwa amelia, na si leo tu. "Na nikifia huko, wifi, usijisumbue kuja. Najua hupendi safari."

"Tema mate chini!" nikapiga kelele. Ilinitoka tu.

"Tema wewe," akasema. "Mimi mdomo umekauka tangu juzi."

Nikatema.

Sikufikiri. Nilikuwa na hasira naye, hasira na kuku wa binamu, na begi, na miezi hii yote. Ptu! Yakasikika kwenye sakafu.

"Nini hicho?" akauliza.

"Mate."

"Ya nani?"

"Ya nani! Tuko wangapi humu?"

Akapiga magoti, anapapasa sakafu kwa mikono miwili. "Wapi? Wifi, siyaoni. Yako wapi?"

"Hapo, karibu na kidole chako. Usikanyage! Rudi nyuma, mwanamke, utayafuta!"

Nikapiga magoti na mimi. Yalikuwa mazito, meupe, ukubwa wa kifungo cha shati, hayazidi. Tulikaa pale chini, wanawake wawili wazima tunachungulia tone la mate, na kama mteja angeingia wakati ule angegeuka akaenda kwa fundi mwingine. Wifi akaanza kucheka. Safari hii hakujizuia, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nikauchukua uzi wake mkononi. Mara ya kwanza ncha ilitoka kavu. Mara ya pili kavu. Nikafikiria ndimu, nikaisukuma ncha kwa ulimi, nikangoja. Mara ya tatu ncha ikatoka imeshikamana, imenyooka, ikapita tunduni bila kuuliza. Nikamkabidhi sindano.

"Lile neno la macho," nikasema. "Lilikuwa baya. Nisamehe."

"Najua lilikuwa baya. Na lile la kikombe?"

"Lile lilikuwa la kijinga."

"Sawa," akasema, akashona kifungo cha kwanza. Kilikwenda upande kidogo. Nimekiacha.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Makoti yamechukuliwa asubuhi, yote thelathini, na aliyeyachukua hakuona kasoro, macho ya watu wa chuo tunayajua. Shuka hazijafunika kitu. Begi limerudi juu ya kabati. Kesho nampelekea Bwana Sindano suruali zake, na kama atasema hajui, nitamwambia pindo nazo sijui zitakaa miaka mingapi.

Kwa mchana wa leo tulihitaji sindano kumi. Saba nimetunga kwa mate yangu mwenyewe. Baada ya saba mdomo ukagoma, ukakauka kama zamani, nikakaa nao dakika mbili nzima na hapakuwa na kitu. Nikamnyooshea wifi nyuzi tatu zilizobaki. Amepaka rangi yake tena tangu alfajiri, mwehu yule, na ncha zote tatu zimenirudia na waridi. Nikamsonya. Ulitoka msonyo wa kweli, mrefu, umesikika mpaka barabarani, mtu akageuka. Kisha nikazitunga zote tatu bila kuzikata.